Bia Yenu Imekuwa Nzuri Mno

Sheffield,
Jumapili.

Kwa Meneja, Baa ya Kengele Tatu,
Tawi la Katikati ya Mji.

Mheshimiwa Bi. Lockwood,

Pokea salamu za mtu usiyemjua ila huenda umemwona. Mimi ni yule msichana wa miaka kumi na tano anayekaa na kitabu na soda ya limau karibu na dirisha, kila Jumamosi mchana, pamoja na babu yake. Naandika kwa sababu kusema ana kwa ana siwezi. Nina malalamiko.

1. Bia yenu imekuwa nzuri. Tangu ulipohamia hapa ukasafisha mabomba, haina uchachu, haina harufu, na povu linakaa. Sijaionja, umri hauniruhusu. Nimeiona katika uso wa Babu, na uso haukupendeza.

2. Kwa miaka kumi na mmoja Babu na rafiki yake Bwana Desmond wamekuja kwenu kuisema bia hiyo. Mhudumu akiuliza, "Vipi bia, wazee?" hujibu kwa pamoja, "Safi sana, mama, asante!" Akishageuka, kazi inaanza.

"Hii imesuuziwa soksi," Babu anaanza.

"Soksi? We Clifford, pua yako ilishakufa. Humu kaogeshwa mbwa mzima!"

Walikuwa wakicheka mpaka Babu anatafuta leso. Najua mlidhani wanaipenda. Ndivyo tulivyo, hatumlalamikii mtu usoni.

3. Jumamosi tatu zilizopita Bwana Desmond alionja, akaitazama glasi, akasema, "Mh. Nzuri." Babu akasema, "Ee. Nzuri." Wakanyamaza dakika arobaini. Nilimaliza sura mbili za kitabu, wakati kwa kawaida simalizi ukurasa.

4. Nilijaribu kuwasaidia. Niliwaonyesha zulia lenu, ambalo, uniwie radhi, linafanana na uji uliomwagika. Wakasema wamelizoea. Nikataja muziki. Wakasema, "Muziki gani?"

5. Jana Bwana Desmond alisema Jumamosi ijayo huenda asije, ana shughuli bustanini. Hana bustani, anakaa ghorofa ya sita. Na Babu, tangu Bibi afariki, hana siku nyingine ya kuvaa tai.

Kwa hiyo naomba bomba moja tu, la tatu kutoka kushoto, linalotoa bia yao, lisisafishwe tena. Ikiwezekana, pipa lake likae mahali penye joto. Bia iwe mbaya kiasi cha kuudhi, si kiasi cha kuleta ugonjwa. Mhudumu aendelee kuuliza kwa uso mkunjufu, ili wapate cha kuficha.

Nisalimie wahudumu wote, mpishi, na yule bwana wa kona anayesinzia chini ya gazeti.

Ni mimi, ninayekusumbua kwa adabu,
Imogen Thackray

N.B. Babu ameikuta barua hii kabla sijafunga bahasha, akamsomea Bwana Desmond kwa simu. Babu anasema ni ndefu mno na inamwaibisha. Bwana Desmond anasema ni fupi mno, na kwamba hoja ya nne haina ushahidi. "Kaandika kama karani wa mazishi!" nimemsikia mpaka jikoni. "Chunga mdomo, huyo mjukuu wangu!" Wamebishana saa mbili na bado wako hoja ya pili. Zilizobaki watazimalizia kwako Jumamosi. Tafadhali bia iache hivyo hivyo. Hawatapata nafasi ya kuionja.