Marufuku ya Kuitikia

Kwa furaha kubwa na kwa manufaa ya taifa zima, tatizo sugu la watu kuanza kuimba katikati ya mazungumzo limepatiwa ufumbuzi. Aliyelipatia ufumbuzi ni Mkurugenzi wa Bodi ya Uhalisia wa Filamu, ambaye Jumatatu asubuhi alibandika waraka kwenye mlango wa choo cha ofisi, mahali pekee ambapo watumishi wote husoma. Waraka ulisema kwamba mtumishi wa Bodi akimsikia mtu anaimba ndani ya jengo, ni marufuku kumwitikia kwa namna yoyote, iwe kwa mdomo, kwa kutikisa kichwa, kwa kugonga meza au kwa bega. Aidha, waraka usingeweza kufutwa ila kwa taarifa ya mwezi mzima.

Chanzo cha yote kilikuwa filamu moja ya mapenzi ya wanafunzi. Kiranja wa bweni anagombana na mpiga ngoma wa gwaride kwa sababu ya ufunguo wa maktaba. Wanagombana kwa kuimba. Usiku kila mmoja yuko dirishani kwake, mbali na mwenzake, na wote wawili wanaimba wimbo uleule. Wanacheza, wanatenganishwa, kijana anasimama uwanjani na kuimba neno alilokuwa akilificha, na hapo shule nzima inaingia kati, mpishi na mwalimu mkuu wakiwemo, kila mguu ukijua unakwenda wapi.

Mkurugenzi aliitazama mpaka mwisho akiwa amekunja uso. Taa zilipowashwa akamgeukia mtengenezaji wa filamu, binti mwenye raba nyeupe aliyekaa ukingoni mwa kiti.

"Hawa wanafunzi walijifunza lini hizo hatua?"

"Hawakujifunza, Mheshimiwa. Filamu za muziki ndivyo zilivyo."

"Na muziki anapiga nani? Sijaona mpigaji hata mmoja."

"Hawaonekani."

"Hawaonekani, au hawajasajiliwa?"

Binti akatazama raba zake. Aliyemwokoa ni Wakili wa Bodi, mama mtulivu aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo la maana.

"Mkurugenzi, filamu za aina hii zina taratibu zake," alisema akivua miwani. "Wakigombana kwa sauti zinazopatana, jua wameshapendana. Wakicheza na hatua zikalingana, hao wameshaoana, bado kuambiwa tu. Na mtu haimbi ovyo. Anaimba pale kusema kunapomshinda."

"Kusema hakumshindi mtu mwenye nidhamu," alijibu Mkurugenzi, na masikio yakamwaka moto.

Hapa inafaa msomaji afahamishwe jambo ambalo ofisi nzima ililijua, kuanzia mapokezi hadi stoo. Mkurugenzi alikuwa mjane, na alikuwa akimpenda Wakili. Alimpenda kwa miaka, kwa kufuata ngazi zote. Alikuwa akimwandikia madokezo kuhusu feni ya ofisini kwake, kwamba je, inazunguka ipasavyo, na Wakili alikuwa akijibu kwamba inazunguka, ahsante. Zaidi ya feni hawakuwahi kufika. Na sasa Wakili alikuwa ameomba uhamisho, akakubaliwa, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Mkurugenzi alikuwa na neno la kumwambia kabla ya hapo, na kila alipofungua mdomo lilitoka neno feni.

Basi Jumatano likaitishwa Jaribio la Uhalisia. Hilo ndilo lililoipa Bodi sifa zake. Tukio lolote lenye mashaka huigizwa na watumishi kwenye ukumbi wa mikutano. Likiwezekana filamu inapita, lisipowezekana haipiti. Filamu ya mtu anayeruka ukuta ilipita baada ya Mhasibu kuuruka. Ya mtu anayeruka kutoka ghorofani ilikataliwa, na Mhasibu hadi leo anatembelea fimbo. Safari hii suala lilikuwa jepesi: mtu aimbe la moyoni mbele ya watu, ionekane kama kuna atakayeitikia. Waraka ulikuwa umeshahakikisha kwamba hatakuwepo. Mkurugenzi aliamini jaribio zuri ni lile ambalo matokeo yake hayamshtui mtu.

Viti vikapangwa. Wakili akapewa nafasi ya kiranja, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee aliyekuwa ameusoma mswada wote. Wa kuimba aliteuliwa Dereva, mwenye sauti nzuri. Dereva akajikohoza.

"Napinga," alisema Wakili. Miwani ilikuwa tayari mkononi. "Jaribio linataka mazingira yalingane. Kijana wa kwenye filamu ameficha neno muda mrefu. Huyu Dereva ameficha neno gani tangu azaliwe?"

"Hilo kweli, bosi," alisema Dereva. "Mimi hata siri za watu zinanishinda."

Watu wakaanza kutazama dari, kucha zao, fimbo ya Mhasibu, kila mahali isipokuwa kwa Mkurugenzi. Naye, kwa kuwa alitaka mambo yaishe apate kuipigia Wizara simu, akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Nitaimba mwenyewe. Ni dakika mbili tu."

Alianza na maneno ya kwenye filamu, yanayohusu mwezi, akayasoma kama mtu anayesoma bei za vipuri. Kisha akainua macho, akamwona Wakili amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, akisubiri. Maneno ya mwezi yakamtoroka. Kilichofuata hakikuwa kwenye mswada wowote, na kwa kuwa mtu huimba kwa lugha anayoijua, aliimba hivi:

"Rejea mazungumzo yetu, ambayo hatukuyafanya,
Nikiuliza feni yako, siyo feni naulizia.
Napenda kukujulisha, kwa unyenyekevu mkubwa,
Ofisi hii haina mtu, iwapo wewe utaondoka."

Sauti ilikuwa mbovu kiasi, lakini ilikuwa yake. Aliimba mara mbili. Mara ya tatu akasita mahali ambapo, kwa haki kabisa, watu walipaswa kuingia. Dereva alikuwa ameng'ata mkono wa shati lake. Mhasibu aliishika fimbo yake kwa mikono miwili isije ikagonga sakafu. Watumishi wote walikaa kimya, watiifu, machozi yakiwalengalenga. Mkurugenzi akamaliza peke yake, na akaona uchungu wa kumaliza peke yake. Hakuwahi kuufikiria alipokuwa akiandika waraka.

Wakili akavaa miwani, akaivua tena. "Kwa ajili ya kumbukumbu, Mkurugenzi. Hayo ni ya jaribio au ni yako?"

"Ni yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ningependa sana kukujibu. Lakini nakatazwa."

"Nani anakukataza?"

"Wewe. Umesema kwa namna yoyote."

"Naufuta waraka. Naufuta sasa hivi."

"Kwa taarifa ya mwezi mzima," alisema Wakili. "Na mimi naondoka Ijumaa."

Matokeo yakaandikwa kama yalivyokuwa: mwimbaji alikuwepo, hisia zilikuwepo, waitikiaji hawakuwepo. Filamu ikakataliwa kwa sababu mambo kama hayo hayatokei duniani. Mkurugenzi akatia sahihi. Binti wa raba nyeupe alikusanya vitu vyake polepole.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema akiwa mlangoni. "Lakini umeimba vizuri kuliko kijana wangu."

Ijumaa jioni Waziri alipiga simu kumpongeza kwa kuikataa filamu, akadokeza kwamba kuna cheo kinamsubiri. Mkurugenzi aliitika ndiyo, ndiyo, huku akiitazama kupitia mlango ulio wazi feni iliyokuwa ikizunguka kwenye chumba cha Wakili, kisicho na mtu.

Wiki iliyofuata hakwenda kazini. Alivaa tai yake bora, akaenda hadi jengo la idara ya viwanja, ambako Wakili alikuwa amewekwa dirisha la malalamiko ya mipaka. Alikwenda moja kwa moja mbele, kama alivyozoea, na mlinzi akamshika kiwiko kwa adabu.

"Mzee, foleni inaanzia kule kwenye ngazi."

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Hata yule pale ni mkurugenzi. Na yule. Nenda kule, mzee wangu."

Akapanga foleni nyuma ya mama aliyebeba ramani ya kiwanja. Walisogea kidogo kidogo, wakasimama, wakasogea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mahali ambapo watu hawakuinuka alipofika, na magoti yakamuuma. Alipofika dirishani jua lilikuwa limehama upande wa pili wa jengo.

"Lalamiko?" aliuliza Wakili bila kuinua kichwa.

"Mpaka," alisema Mkurugenzi. "Niliuweka mwenyewe, pasipostahili."

Wakili akavua miwani. "Huku nasikia vibaya, kuna kelele. Ulisemaje siku ile?"

Akaimba. Mstari wa kwanza aliuimba akitazama kaunta. Wa pili, mama mwenye ramani, aliyekuwa akitoka, alirudi. Wa tatu, mlinzi akashika sauti ya chini. Na alipofika pale aliposita siku ile, foleni yote iliingia kwa pamoja, kutoka dirishani hadi kwenye ngazi, wenye hati na wasio na hati, wakipiga makofi na kusogea hatua moja kulia na moja kushoto. Mkurugenzi akageuka kuangalia ni nani aliyewafundisha. Hakumwona.

Wakili alikuwa akicheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. "Nimekubali," alisema. "Toka siku ya feni ya kwanza nilikuwa nimekubali, mwanamume wewe. Lakini siolewi na mtu mwenye ripoti ya uongo. Yule binti umemwambia mambo haya hayatokei."

"Nifanye nini?"

Akamsukumia karatasi tupu chini ya kioo. "Andika kwamba ulikosea."

Mkurugenzi akaitazama ile karatasi. Katika utumishi wake wote alikuwa ameandika imebainika, imeonekana, na kumejitokeza changamoto. Alijipapasa mifukoni, na kwa mara ya kwanza tangu apewe ofisi hakuwa na kalamu. Ikabidi ageukie foleni, mbele ya watu wote, aombe ya kuazima.

"Ya nini, baba?" aliuliza mama mwenye ramani.

Akawaambia ya nini. Na wote, bila kufanya mazoezi, wakaingiza mikono mifukoni.