Kiti cha Itiye Zenebech

Jumatatu, 8 Hidar

Nimerudi kutoka semina ya walimu wa sanaa. Miaka yote nimefundisha kuchora mtungi. Mtungi wenye kivuli kushoto, mtungi wenye kivuli kulia. Sasa mtaala mpya unataka usanifu. Mwanafunzi amtafute mtu mwenye shida, amsikilize, ndipo achore, atengeneze mfano wa boksi, mwenye shida aujaribu, kisha arekebishe. Mkufunzi alilirudia neno kusikiliza mpaka nikasinzia.

Shuleni nikapokewa na habari mbaya. Itiye Zenebech, dada yetu wa kahawa, mwenye kibanda cha bati kando ya uwanja, atafunga baada ya Genna, Krismasi yetu, na kuhamia Adama kwa ndugu yake. Melaku, mwalimu wa michezo, ndiye aliyeniambia, huku anatafuna bisi. Mtu hana moyo yule.

Sikula chakula cha mchana. Zenebech ni mjane wa muda mrefu, mimi sijawahi kuoa, na tangu mvua za mwaka juzi natafuta neno la kumwambia. Bado nalitafuta. Nikipita pale asubuhi, ubani ukiwa umewashwa na yeye ameinamia mkaa, siku yangu inakuwa na maana. Huko Adama atawaamkia watu wengine.

Lakini nina mpango. Darasa la nane litamsanifia kitu. Kizuri hata ashindwe kukiacha. Semina imenifaa kumbe.

Jumanne, 9 Hidar

Nimewaambia watoto tatizo la Zenebech ni mgongo. Anakaa kwenye kigoda kifupi kutwa nzima, anainama, mgongo unamuuma, anataka kwenda Adama. Kazi yetu ni kumtengenezea kiti kirefu chenye egemeo. Nikauchora ubaoni mchoro wangu. Kweli nilijisikia.

Mahder akanyoosha mkono. Binti huyu anakaa dirishani na kila siku ana neno. Akauliza kama Itiye mwenyewe amesema mgongo unamuuma. Nikamjibu kwamba mambo mengine mtu mzima anayaona tu. Akasema lakini mwalimu, mtaala unasema tuanze kwa kumuuliza. Darasa zima likageuka kunitazama. Basi nikawaruhusu waende wakamuulize, mradi wamuulize kuhusu mgongo.

Nilipita kwa Zenebech baadaye. Kikombe cha kwanza tu, nikawahi kurudi kwenye mchoro. Aliniambia penseli yangu iko sikioni tangu asubuhi. Ameiona! Nimeiacha hapo hapo hadi sasa.

Jumatano, 10 Hidar

Watoto wameleta majibu. Mgongo hauna shida. Mahder alisimama akayasema yote bila hata kutazama karatasi, na aliigiza hadi sauti. Zenebech amesema hivi: "Wanangu, kahawa inamiminwa mara tatu, na ya tatu ndiyo baraka. Hawa walimu wenu wanakunywa ya kwanza, wanafuta midomo, wanakimbia. Ya pili nakunywa na Melaku. Siku nyingine naye anaitwa uwanjani. Baraka naimimina peke yangu, naitazama inapoa. Sasa nibaki hapa namngoja nani?"

 Nilijikuta nafuta ubao uliokwisha kufutwa, sijui kwa nini.

Nikawaeleza kwamba hayo ni malalamiko, siyo tatizo la usanifu. Malalamiko huwezi kuyatengeneza kwa boksi. Mahder akasema wanaweza kujaribu. Nikawaambia kundi lake lijaribu linachotaka, wengine waje kwenye kiti.

Halafu huyo Melaku. Kumbe anakunywa hadi ya pili! Mwalimu wa michezo anapata wapi muda wa kukaa? Mimi nina kazi.

Alhamisi, 11 Hidar

Kiti kimekamilika. Maboksi ya televisheni, gundi ya unga, egemeo lenye pindo la rangi kama la shema, shuka nyeupe zinazofumwa Shiro Meda. Nimekikalia mwenyewe, kimenibeba. Watoto walipiga makofi, au walikuwa wanapangusa unga mikononi.

Tukakibeba hadi kibandani. Zenebech akajifuta mikono, akakaa. Magoti yakamfika karibu na kidevu kwa jinsi sehemu ya kuwekea miguu ilivyokuwa juu mno, na jebena, birika lake la kahawa, ikabaki chini kabisa kwenye mkaa, haigusiki. Akanyoosha mkono, kiti kikatoa mlio. Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka namna ile, machozi yanamtoka, ameshika ncha ya shema yake mdomoni. Akasema, "Gashe Wubishet, umenipandisha juu ya mnara, sasa nani atanishusha?"

Nilimpa mkono ashuke. Mkono wake una joto la vikombe. Nilitamani kiti kiwe kirefu zaidi.

Akanimiminia. Akaniambia leo nikae, nyasi za sakafuni ni mbichi, amezitandaza sasa hivi. Nilitaka sana. Ila kiti kilikuwa kimeshindwa mtihani, na mtaala unasema kikishindwa urekebishe mara moja. Nikanywa ya kwanza nikaondoka na kiti kichwani. Nilipogeuka mlangoni alikuwa bado ananitazama. Au anakitazama kiti.

Ijumaa, 12 Hidar

Leo ni sikukuu ya Mikaeli. Kila mtaa wa Addis umechoma taka zake, kama ilivyo desturi ya siku hii. Moshi umejaa tangu asubuhi. Kila mtu anajua leo taka hazibaki nje. Mimi pia najua, nimezaliwa mji huu.

Na jana jioni niliacha kiti, toleo la pili, nje ya darasa gundi ikauke. Pamoja na mifano yote ya kundi la kiti.

Mlinzi, Aba Tessema, hana kosa. Aliona maboksi, akafanya wajibu wake. Nilifika egemeo lilipokuwa linamalizikia. Akaniambia kwa furaha kwamba mwaka huu taka za shule zimewaka vizuri kuliko mwaka jana. Melaku alikuwa pale anaota moto. Akauliza kama nina kingine cha kuongeza.

Kundi la Mahder halikupoteza kitu. Kazi yao wameiweka ndani kwa Zenebech, wakakataa kunionyesha. Wanasema bado wanafanya majaribio.

Jumapili, 14 Hidar

Kesho mfungo wa Genna unaanza. Majirani wanamalizia nyama na siagi, harufu inapita chini ya mlango. Niliitoa jebena ya marehemu mama nikapika kahawa yangu mwenyewe. Nikamimina ya kwanza. Nyumba kimya. Sikuona sababu ya kumimina ya pili.

Namuwaza. Namuwaza anavyopuliza mkaa, anavyovisuuza vikombe huku anahesabu nani hajafika. Kama angekuwa hapa ningemwambia kila kitu. Nadhani ningemwambia. Badala yake nimechora kiti, toleo la tatu, kifupi, cha mbao.

Jumatatu, 15 Hidar

Kazi ya Mahder imefunuliwa. Vikombe! Wamevipaka rangi vikombe vya Zenebech, vya mizunguko yote mitatu ya kahawa, kila mzunguko na vikombe vyake na picha yake. Ni hadithi moja. Anayenywa cha kwanza anapata mwanzo tu. Akitaka mwisho, akae.

Cha kwanza nilikiona. Kigoda kitupu, na nyasi zimetandazwa pembeni. Mistari mizuri, nimewafundisha vizuri. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa. Wa hesabu amekaa. Hata Melaku aliitiwa mpira uwanjani akasema waanze bila yeye. Kibanda hakijawahi kujaa vile, watu wanabishana nani anakuja kukalia kigoda.

Zenebech akanisogezea kigoda karibu naye. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akasema, "Leo ukae mpaka ya tatu, Gashe Wubishet. Leo tu." Mahder alikuwa mlangoni, akasema, "Mwalimu, tafadhali, usiondoke."

Moyo ulinienda mbio. Na katika kwenda mbio huko, wazo likanijia. Tatizo halikuwa kiti chake yeye! Tatizo ni viti vya wageni. Mtu anainuka kirahisi mno. Kumbe kinatakiwa kiti cha mgeni kilicholala nyuma, chenye mikono, ambacho ukishakaa huwezi kunyanyuka haraka. Nikaogopa nitausahau mchoro. Nikameza ya kwanza, nikaomba radhi, nikakimbia darasani.

Jumanne, 16 Hidar

Melaku amekuja darasani kwangu. Hakutania, jambo ambalo si kawaida yake. Ameniambia kuhusu kikombe cha tatu. Anasema kina kigoda kile kile, na sasa amekaa mtu, mwembamba, ana penseli sikioni. Pembeni yake kuna mwanamke anamimina. Zenebech mwenyewe ndiye aliyewaambia watoto wachore nini. Anasema jana Zenebech alikishika kikombe hicho mpaka kikapoa, kisha akakirudisha kwenye sinia bila kukinywa. Adama ameiahirisha, atangoja mpaka Pasaka aone kama kigoda kitapata mtu. Halafu Melaku akanishika bega akasema, "Wewe mtu, nenda ukakae."

Usiku huu sina usingizi. Mpaka Pasaka! Anangoja. Nimefurahi hadi nimelia kidogo, nakiri.

Kwa hiyo hakuna muda wa kupoteza. Nimewaagiza watoto wote wa darasa la nane waache kazi nyingine. Mbao nimepata, egemeo litalala nyuzi thelathini, mikono itakuwa mipana. Ukifanya hesabu ya kukausha, kupiga msasa na kupaka rangi, nitakuwa nacho tayari Pasaka yenyewe. Nitakibeba hadi kibandani, nitakiweka karibu naye, na hapo ndipo nitakaa.

Kesho nitapita kumpima upana wa nafasi. Ya kwanza tu, kazi ni nyingi.