Namna Nilivyomtetea Lambert Zuidema

Jumatatu, 7 Oktoba

Kwa jina la Mungu Baba Mwenyezi, ambaye mbele zake kila mwanadamu ni mshtakiwa na hakuna mahakama ya rufaa. Amani kwa mkono uandikao na kwa jicho litakalosoma. Mimi, Cornelius Dykhouse, mzee wa kanisa letu la Kiholanzi hapa Grand Rapids, naifungua shajara hii nikiwa na afya njema, dhamiri tulivu, na ofisi isiyo na mteja hata mmoja.

Miaka thelathini nimewashtaki watu kwa niaba ya serikali kuu. Sasa nimestaafu na kuhamia upande wa utetezi. Si jambo la aibu. Wenzangu wengi wamehama na wamenawiri. Philippa Brandsma, niliyemfundisha mwenyewe namna ya kusimama mbele ya jaji, alihama zamani kidogo. Leo ana ofisi ya ghorofa nzima katikati ya mji, na tangi la samaki mapokezini. Mimi nina chumba juu ya duka la mikate. Watu hupanda ngazi, huuliza kama mikate ya zabibu imetoka, hushuka.

Mke wangu Alida ameniambia wakati wa chakula cha jioni kwamba hashangai. "Cornelius, umewafunga watu maisha yako yote, halafu unakaa dirishani unangoja wakubishie hodi?" Nikamjibu kwamba mtu anayeijua serikali kwa ndani ni hazina. Akaniongezea supu ya dengu.

Nimeamua kuweka tangazo katika karatasi ya ibada.

Jumatano, 9 Oktoba

Tangazo limetoka. Limechapishwa chini ya taarifa ya mazishi, bila mstari wa kutenganisha. Wawili wamenipigia simu kunipa pole.

Alasiri mtu amepanda ngazi na hakuuliza mikate! Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Alikuwa Roscoe Tibbets, niliyempeleka jela kwa noti bandia. Nikamuuliza ana shida gani. Akasema hana shida yoyote, alikuja tu kuhakikisha kwa macho yake kwamba ni mimi. Akanitazama kwa utulivu mkubwa. "Mzee Dykhouse, wakili wa utetezi!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Nilimsikia akiendelea kucheka huko chini, akinunua biskuti.

Nimemsamehe. Alistahili kifungo kirefu zaidi.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada, kahawa katika ukumbi wa chini. Lambert Zuidema akanijongelea, uso mweupe kama unga. Lambert ni mkulima wa matufaha kaskazini mwa mji, na yeye na mkewe Wilma wamo katika mtaa wangu wa kanisa. Kila mwaka mimi ndiye niendaye nyumbani kwake kwa ile ziara ya wazee, kumuuliza hali ya roho yake. Hunijibu yote. Mtu mnyoofu sana. Mwaka jana alikiri mwenyewe kwamba alisinzia katika mahubiri ya Pasaka.

Akaninong'oneza kwamba wapelelezi wa serikali kuu wamefika shambani. Aliuzia shule za serikali matufaha ya kawaida yenye lebo inayosema hayakupuliziwa dawa. Ghala zima. "Mzee, nikifungwa, Wilma atabaki peke yake na shamba lote lile, na mgongo wake ule. Tutauza. Baba yangu aliipanda ile miti."

Mteja! Lakini ilikuwa siku ya Bwana. Nikamwambia kwa uzito kwamba leo hatuzungumzi kazi, aje kesho.

Nilipogeuka kuchukua keki, nikamwona Philippa, naye ni muumini wetu, amemshika Lambert kiwiko, akimwambia kitu sikioni. Siku ya Bwana! Kando ya birika la kahawa!

Nikafikiri kwa haraka. Kazi imekatazwa Jumapili. Ziara ya mzee wa kanisa haikukatazwa. Jioni nimekwenda kwa Lambert. Nimeuliza hali ya roho yake, tukasoma zaburi, tukaomba. Mlangoni nikamwambia kwamba roho yake naiona iko salama, lakini kiwiliwili chake kinahitaji wakili. Wilma akaniuliza kama nimewahi kumtetea mtu. Nikasema nimewahi kuwashinda mawakili wote wanaotetea. Akamtazama mumewe. Lambert akasema, "Mama, Mzee anatujua."

Nimepata kesi! Philippa na samaki wake wangoje.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimezungumza na kijana Terrence Oyler, mwendesha mashtaka anayekalia kiti changu cha zamani. Mpole mno, hata kwenye simu anaomba radhi. Tumepanga kikao cha maelezo siku ya Alhamisi: mshtakiwa anafika mbele ya serikali, anaeleza ukweli wake, na tumekubaliana kwamba atakayoyasema pale hayatatumika kumshtaki. Serikali ikiridhika, inalegeza. Nimeendesha vikao hivyo kwa mamia, nikiwa upande wa pili wa meza.

Lambert akauliza kama tufanye mazoezi kabla. Nikamwambia hapana. Nimesikia mawakili wa utetezi hawapendi kujua mengi kuhusu wateja wao, na ninakusudia kuifuata desturi ya wenyeji. Aseme tu habari ya ghala, kwa kifupi, kisha anyamaze. Mengine aniachie.

Nimenunua pipi za mnanaa, zile tunazopeana kanisani mahubiri yanapokuwa marefu. Zitamtuliza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nitaandika mambo kama yalivyotokea.

Nimeingia katika chumba kile kwa moyo mkunjufu, nikawasalimu wapelelezi kwa majina, nikaketi. Oyler akakohoa. "Samahani, Mzee. Wewe uko kule." Nilikuwa nimeketi upande wa serikali. Lambert alikuwa peke yake ng'ambo ya meza, kama mtoto aliyesahauliwa stesheni. Nikahama.

Lambert akaeleza habari ya ghala vizuri, kwa kifupi. Kisha Oyler akaanza kuuliza maswali. Ee Bwana, maswali gani yale! "Je, inawezekana kwamba labda..." "Huenda unakumbuka, kama unakumbuka..." Nilimwajiri mimi mwenyewe kijana huyu! Wapelelezi walikuwa wakitazama saa. Nilishika magoti yangu. Niliuma ulimi. Nilimwomba Mungu subira, na Mungu, katika hekima yake, hakunipa.

Nikampa Lambert pipi. Nikamwinamia. Nikamuuliza kwa sauti ile ninayoitumia sebuleni kwake kila mwaka, Biblia ikiwa magotini: "Ndugu Lambert. Kuna jambo jingine linaloulemea moyo wako?"

Lambert akaisogeza pipi shavuni. Akatazama zulia. "Liko, Mzee," akasema. "Ghala la pili."

Hakuna aliyelijua ghala la pili. Si serikali. Si mimi. Wilma mwenyewe hakulijua, nadhani.

Nikamuuliza lini. Akajibu. Nikamuuliza lebo zilikuwa ngapi na zilibandikwa kwa mkono wa nani. Akajibu, wake mwenyewe. Nikamuuliza kama alijua kuwa ni uongo. Akajibu, machozi yakimtoka, kwamba alijua. Ilikuwa kazi safi kabisa, bila kukwaruza. Mpelelezi mmoja alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Nami nikakaa sawa kitini na kusema, kama nilivyosema maisha yangu yote: "Serikali imemaliza maswali yake."

Oyler akaweka kalamu chini.

"Mzee Dykhouse," akasema Oyler kwa upole. "Serikali ni mimi."

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimefukuzwa.

Lambert alikuja na Wilma, kofia mkononi, akashindwa kuanza. Wilma akaanza kwa niaba yake. "Tulikuita umsemee, wewe ukamsemesha! Ghala moja angepona, sasa ni mawili!" Nikaeleza kwamba, kisheria, maneno ya kikao kile hayawezi kutumika kumshtaki. Akaniuliza kama serikali, baada ya kusikia, itasahau kwamba ghala lipo shambani, na kama wapelelezi hawana magari ya kufika huko. Swali zuri. Angefaa sana katika ofisi yetu ya mashtaka. Nilimwambia hivyo, lakini hakulipokea kama nilivyolitoa.

Wamekwenda kwa Philippa. Mlangoni Lambert aligeuka, akaniuliza kama nitakuja bado Novemba kwa ziara ya kanisa. Nikasema nitakuja. Wilma akasema tutaona.

Sikula. Alida hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa Philippa kwa kisingizio cha kumkabidhi kesi. Kusudi langu la kweli lilikuwa kumwonyesha kwamba hawezi kuiendesha bila mimi, anikaribishe tushirikiane. Nilingojea kando ya samaki kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

Akanisikiliza, miguu juu ya kiti. Kisha akauliza: baada ya Lambert kukiri ghala la pili na kusema alijua, nilimuuliza nini?

Nikasema sikuuliza kitu. Mtu ameshakiri. Nini tena?

"Mwalimu wangu," akasema, "hukumuuliza nani alimletea zile lebo?"

Nikasema kwamba katika kazi yangu yote sikuwahi kuhitaji kulijua jambo la namna hiyo. Philippa akacheka kwa adabu, mkono mdomoni, lakini kwa muda mrefu. Akanisindikiza hadi kwenye lifti, akaniita mwalimu wake mara ya pili, na hakunikaribisha tushirikiane. Wivu ni ugonjwa mbaya. Nimemwombea.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bwana ametenda mambo makuu!

Ijumaa iliyopita kilifanyika kikao cha pili, pasipo mimi. Philippa alimuuliza Lambert lile swali lake. Lambert akajibu, mnyoofu kama kawaida, kwamba lebo zililetwa na dalali kutoka Chicago, ambaye alimtisha kwamba bila lebo hatanunua hata tufaha moja, na kwamba ndiye aliyeagiza litumike ghala la pili. Kumbe dalali yule amewasumbua wapelelezi wa majimbo matatu! Lambert atatoa ushahidi. Leo serikali imekubali akiri kosa moja tu, na itamwomba jaji ampe kifungo cha nje. Hataingia jela. Shamba halitauzwa. Nimemwona Wilma barabarani akilia waziwazi, akanishika mkono kabla hajakumbuka kwamba amenikasirikia.

Nimeketi na kulitafakari jambo hili kwa kina, bila majivuno, kama mtu ajipimavyo mbele za Mungu. Bila ghala la pili, dalali asingejulikana. Na ghala la pili lilifichuliwa na nani? Philippa aliuliza swali moja. Mimi niliuliza manne. Ni dhahiri kwamba nimemwokoa Lambert Zuidema, na kwamba ninao mtindo wa utetezi ambao mji huu haujawahi kuuona. Nimemweleza Alida. Akatoka kwenda kuanua nguo, ingawa hazikuwa zimekauka.

Na neema haiji peke yake. Evert Pruim, mpiga kinanda wetu, ana shida na watu wa kodi. Amesikia kwamba Lambert amepona, hakusikia zaidi ya hapo, na amekuja kwangu moja kwa moja. Amejaribu kunieleza jambo fulani kuhusu fedha za harusi anazopigia kinanda. Nimemzuia. Nimemwambia aliweke moyoni hadi siku yenyewe.

Kisha nimempigia Oyler simu. Kikao ni Alhamisi. Nimemwambia asijisumbue kuandaa maswali.

Nawe usomaye, Bwana akubariki na kukulinda, wewe na mwenzi wako na watoto wako, na wote walalao chini ya paa lako. Aufanye moyo wako mwepesi na usingizi wako mtamu. Amina.