Kompyuta ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Mei 1998
Peke yangu tena. Hapa chuo cha kompyuta, Thika, tuko wanafunzi ishirini na watatu, na tunakaa wawili wawili kwa alfabeti. Mimi ni Zainab. Nimemwambia mama kwamba mwenzangu ni msichana mchangamfu anaitwa Kui. Akafurahi, akasema nimlete Jumapili ale chapati. Sasa itabidi nimpate.

Jumanne, 5 Mei
Mwalimu Kaleli ameniachia database ya darasa, ile faili ya majina na viti, eti mimi si wa maneno mengi. Kila asubuhi naprinti orodha ya viti, nabandika mlangoni. Leo nimeandika amri ya kumtoa Kui kwa Mbaluka, yule mtafuna njugu, aje kompyuta ya kumi na mbili. Kwangu. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza Yes. Sijawahi kuwa na hakika hivyo.

Jumatano, 6 Mei
Nilisahau kuiambia ni Kui tu. Imepeleka darasa zima kumi na mbili. Watu ishirini na wawili wamenizunguka na viti vyao, Mbaluka anauliza ni matanga ya nani. Mwalimu akasema nimrudishe kila mtu kwake, mmoja mmoja. Lakini kwa dakika kumi nilikuwa na watu. Haikuwa mbaya.

Alhamisi, 7 Mei
Nimetengeneza macro, amri inayojiendesha. Faili ikifunguliwa, mimi na Mbaluka tunabadilishana viti, yenyewe tu. Nikafungua kuhakikisha: niko na Kui! Nikafunga kwa raha. Nikafungua tena kuprinti. Ikatubadilisha tena. Nimebandika mlangoni bila kusoma.

Ijumaa, 8 Mei
Mbaluka ana homa, hakuja. Kui akanijia mwenyewe, akaniita Zai, akauliza kama anaweza kukaa na mimi. Nikamwambia angoje kidogo, orodha haisemi hivyo, acha niiweke kwa kompyuta kwanza. Printa ikameza karatasi mara mbili. Niliporudi na orodha safi, Kui na mimi, kumi na mbili, alikuwa amejibana kati ya Wangeci na mwenzake, wanacheka. Nikaibandika hata hivyo.

Kosa nimeliona. Ni ile printa, iko slow. Jumatatu nakuja mapema kuandika macro ya kuprinti.