Malalamiko Kuhusu Kuhamishwa kwa Tovuti Kutoka Chini ya Meza Yangu ya Pasi

Kwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Programu Huria ya Mafundi Cherehani.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nyingi. Najua wewe ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na haya tungeweza kuyamaliza kwa simu. Lakini leo nakuandikia kiofisi, tena kwa kalamu ya wino, ili ujue nimeudhika.

Niweke kumbukumbu sawa. Programu yetu humsaidia fundi kuchora vipande vya nguo: unaingiza kifua, kiuno na urefu wa mkono, inakutolea mchoro wa kukatia. Ni ya bure, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Tovuti ambamo watu huipakua imekaa miaka tisa kwenye mashine yangu, dukani kwetu, chini ya meza ya kupigia pasi. Miezi miwili iliyopita jumuiya ilipiga kura iondolewe kwangu, iwekwe mahali pa wote, na funguo zake zishikwe na watu watano. Hakuna aliyekuja kuichukua mashine, nikadhani mmeona haya. Kumbe! Jumapili mke wangu ananiambia uamuzi uko palepale. Basi nasema, na nasema kwa namba.

1. Kura zenyewe mlizipiga ndani ya tovuti, na tovuti iko kwangu. Mliingia nyumbani kwangu, mkakaa kitako, mkakubaliana kunihama, mkaaga. Jamani! Hata mpangaji asiye na adabu haitishi kikao cha kuhama sebuleni kwa mwenye nyumba. Kura thelathini na sita kwa moja, na hiyo moja ni yangu.

2. Mmedai eti tovuti huzima ovyo. Huzima pasi ikiwashwa, kwa sababu soketi ni moja, na hilo si ovyo, lina utaratibu wake. Pasi huwashwa nguo zikiisha kushonwa. Kwa hiyo tovuti ikizima, mjue kazi inakwenda vizuri, mshangilie. Yule fundi aliyelalamika kwamba alingoja saa sita kupakua mchoro wa kola ya bibi harusi, nimemfuatilia. Bibi harusi aliolewa bila kola na ndoa iko imara. Hasara iko wapi? Tena tangu ile kura hakuna hata mmoja aliyeniletea lalamiko la kuzima. Mashine imeshaizoea pasi.

3. Funguo tano. Mmeandika kwamba mtu mmoja akiugua au akifa, jumuiya isikwame. Huyo mtu mmoja ni nani, kama si mimi? Sentensi hiyo niliisoma nikiwa na mafua, nikaenda kulala mchana kweupe. Mnaniombea kifo halafu mnakiita usalama. Na hao watano, mmesema lazima watatu wakubaliane ndipo ukurasa ubadilike. Mimi na dada yako tuko wawili tu, na tangu tuoane hatujakubaliana dirisha lifungwe au liachwe wazi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

4. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nalisema polepole. Miaka tisa utaratibu umekuwa mmoja: anayetaka kubadilisha kitu kwenye tovuti ananipigia simu, na hasemi shida yake mpaka tumejuliana hali. Ndiyo maana nilijua kwamba Vifungo, yule fundi wenu wa mashati, amepata mapacha kabla mama mkwe wake hajaambiwa. Ndiyo maana Mama Pindo, aliyeandika maelezo yote ya sketi, hunieleza goti lake limeamkaje. Kwa utaratibu wenu mpya kila mtu atabonyeza kitufe na kwenda zake. Kitufe kitamuuliza Mama Pindo habari ya goti? Mimi nina miaka sitini na mbili, uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano, kushona nimemwachia dada yako. Mkiniondolea tovuti, simu yangu itabaki ya kuangalia saa. Nimelisema, basi.

5. Tena ubaya huu unaambukiza. Binti zangu waliposikia kwamba watu wanaweza kupiga kura, wakakipigia kura kiti changu cha mbele ya televisheni. Mama yao akawaunga mkono. Nikashindwa tatu kwa moja. Wiki iliyofuata mteja alikuja kuchukua suruali yake, akataka ashirikishwe kuhusu mifuko. Mkiendelea hivi kesho pasi nayo itagombea kamati, na kwa jinsi ninavyoiona hali, itapita bila kupingwa.

Nakubali kwamba programu ni ya wote. Mtoto naye ni wa ukoo mzima, lakini analala kitanda kimoja. Kwa hiyo naomba kura ifutwe, nitambuliwe kuwa Mlezi wa Tovuti wa Maisha, na meza ya pasi itajwe kwenye katiba. Ule ufunguo wa tano mlionitengea siutaki, mpeni mwenye shida. Na ili mjue sitanii, Jumatatu asubuhi nilichomoa waya. Leo ni Alhamisi. Dada yako tangu siku hiyo anapiga pasi huku anaimba, nadhani ni kunifariji. Mkishalia vya kutosha, namba yangu mnayo.

Nisalimie mkeo na watoto, mama mkwe wangu, katibu na wajumbe wote, na wale thelathini na sita mmoja mmoja, ingawa kwa kinyongo.

Wako katika ujenzi wa jumuiya,
Mlezi wa Tovuti (bado)

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeichana. Tangu Jumatatu simu imelia mara sita. Kila ilipolia nilikohoa, nikajiweka sawa kupokea kilio. Mama Pindo akauliza mgongo wangu. Vifungo akasema mapacha wanaota meno. Tovuti hakuna aliyeitaja. Leo nikamwambia binti mkubwa aifungue kwenye simu yake: ikafunguka, tena chapuchapu, pasi ikiwa ya moto na waya wangu uko sakafuni. Nikamgeukia dada yako. Akacheka kwanza, kisha akasema ukweli: wiki ileile ya kura alikuletea nakala ya kila kitu kwa mkono wake, kwa sababu amechoka kuomba ruhusa ya kupiga pasi kwenye duka lake mwenyewe. Miezi miwili nimekuwa nikiipangusa vumbi mashine isiyomhudumia mtu. Nimekaa kwenye stuli nikakumbuka vizuri. Katika miezi hiyo hakuna aliyeniomba nibadilishe hata herufi moja, na simu hazikupungua. Hawakuwa na shida yoyote na mimi, na bado walipiga. Shemeji, barua hii ichome. Ufunguo wa tano niwekee. Ila nakuomba sana, usiwaambie kwamba nimeshajua, wasije wakaacha kupiga.