Motokari Inayopiga Magoti

Jumamosi, 4 Julai 1959. Kasongo.

Barua kutoka Kabambare. Mwandiko wa baba mkwe, Mzee Emile, herufi kubwa kama matofali. Anasema binti yake Emilienne yuko kwake mwezi mzima sasa, na hajaona hata kivuli changu. Nifike kabla ya Jumapili ijayo, tarehe 12, niseme maneno ya mtu mzima mbele ya wazee. Nisipofika, au nikifika na maneno ya kitoto, atanirudishia mbuzi wa mahari na mambo yatakuwa yamekwisha. Padri hajatubariki bado (nilikuwa nangoja suti), kwa hiyo mbuzi wakirudi, mke sina.

Emilienne aliondoka kwa sababu ya motokari. Si haki! Ni motokari ya Kifaransa, ya kifahari, na Kasongo nzima haina ya pili. Mzungu wa kahawa aliyekuwa anarudi Ulaya alinipa kwa baiskeli yangu, redio yangu na mashini ya kushona ambayo mke wake aliitamani. Alinishukuru mara tatu, akaondoka mbio. Nilidhani ni adabu. Mashini ilikuwa ya Emilienne, ni kweli. Lakini nani aliwahi kuingia Kabambare amepanda mashini ya kushona?

Shauri langu: nitamfuata na motokari. Akiketi ndani mara moja tu, mashini ataisahau.

Jumapili, 5 Julai.

Nimeipeleka misani. Watu walitoka nje kabla ya baraka ili waione ikiamka. Maana motokari hii ina tabia yake. Ukizima injini inashuka, tumbo karibu na ardhi. Ukiwasha, inainuka polepole, matako kwanza, kama ng'ombe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikavaa glavu.

Placide akaharibu. Placide ni karani mwenzangu kwenye ghala la pamba, mtu wa baiskeli. Akasema mbele ya watu wote kwamba inainuka kama mzee anayetoka chooni. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa aibu.

Kisha tukaona dimbwi jekundu pale ilipolala. Bulaimu, fundi wa malori, akachovya kidole, akanusa. Akasema, "Hii si motokari, hii ni mugonjwa." Inavuja mafuta yake, na kila kitu ndani yake kinaishi kwa mafuta hayo: kuinuka, gia, hata breki. Mafuta yenyewe lazima yaagizwe mbali. Majuma sita. Akasema nisiiguse mpaka yafike.

Majuma sita! Mimi nina siku saba. Huzuni kubwa. Sikula.

Jumatatu, 6 Julai.

Nimepata!

Mafuta ya motokari ni mekundu. Maniema nzima, kitu gani ni chekundu, ni mafuta, na kinauzwa kila soko? Mawese! Nimenunua madebe mawili, mawese mazuri, nimeyachuja kwa kitambaa cha kichwa alichokiacha Emilienne. Bulaimu alikataa kutazama. Aligeukia ukuta, kama mtu anayesikia matusi.

Saa nane mchana, jua kali, nikawasha. Ikanguruma. Ikatetemeka. Ikainuka! Placide alikuwa anapita. Alishuka baiskelini kutazama. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumanne, 7 Julai.

Asubuhi baridi, ukungu mpaka mlangoni. Motokari haiinuki. Injini inaunguruma lakini tumbo liko chini na gia hazishiki. Nimefungua kifuniko. Mawese yameganda, mazito, rangi ya chungwa, kama kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyolala.

Nikachukua mbabula, jiko la makaa, nikaichimbia shimo na kuisukuma chini ya tumbo. Jirani Mama Cécilia akaja na viazi vitamu vyake, akauliza kama kuna nafasi. Akaviweka. Saa nne motokari ikainuka, na viazi vilikuwa vimeiva.

Nimechelewa kazini. Nikaomba ruhusa ya juma moja. Nimesema mama mkwe wangu ni mgonjwa sana, anakaribia kufa. Mungu anisamehe, yule mama ana afya kuliko mimi.

Jumatano, 8 Julai.

Nimeondoka saa sita mchana. Mkono mtupu haulambwi: nimebeba kitenge cha mama mkwe, chumvi, sabuni, na madebe matatu ya mawese ya akiba.

Raha ya motokari hii! Mashimo yote ya barabara yanapita chini yangu kama habari za watu wengine. Ila ikipata moto inanukia. Mawese yanachemka ndani, na harufu inatoka kwa nyuma. Kila kijiji mbwa wananifuata. Mzee mmoja alinisimamisha, akauliza kwa heshima tunapika nini.

Kisha kizuizi cha polisi. Polisi alipiga saluti kwa motokari. Akachungulia ndani, akaniona, mkono ukashuka. "Bwana yako iko wapi?" Nikasema motokari ni yangu. Akacheka, akamwita mwenzake, wakacheka wote wawili. Nikatoa karatasi. Wakazisoma juu chini. Nikakaa juani mpaka saa kumi. Mwisho nikasema, "Bwana iko nyuma, anakuya." Wakafungua mara moja. Katika kitabu chao nimeandikwa: shoferi. Polisi akabaki amesimama wima, anamngoja mzungu ambaye hayupo.

Nimeendesha muda mrefu bila kuimba.

Alhamisi, 9 Julai.

Nimelala kwenye daraja la magogo. Asubuhi motokari imeganda, na mbabula nimeisahau Kasongo. Nikangoja jua. Kengele ya baiskeli. Placide! Ametumwa Kabambare kupima pamba sokoni. Akashuka, akauliza hali ya mama mkwe. Nikasema anapigana na kifo. Akasema atanitangulia kumpa pole.

Kwa hiyo atafika kabla yangu. Kwa miguu yake mwenyewe! Niliitazama ile baiskeli mpaka ikapotea kwenye kona. Zamani nilikuwa na nzuri kuliko ile.

Ijumaa, 10 Julai. Kabambare.

Jana jua halikutoka kabisa; leo nimefika saa tisa, jua kali, motokari juu kabisa. Mama mkwe akakimbilia nyuma ya nyumba, kama desturi inavyotaka, mkwe na mama mkwe wasikutane uso kwa uso. Lakini akapaza sauti kutoka huko, akauliza nani amesema anakufa. Placide amekwisha pita.

Mzee Emile alikuwa kapita wa barabara miaka mingi, msimamizi wa wachimbaji wa mifereji. Mgeni akifika na gari, yeye hutazama kwanza alama za magurudumu. Akazitazama. Nikasimamisha motokari mbele yake, nikazima injini. Ikashuka polepole, kichwa kwanza, mpaka chini. Nikatoka, nikapiga goti kando yake, nikasema: baba, hata chuma hiki kinakuomba radhi.

Mzee Emile akavua kofia. Akasema malori ya wazungu yamemrushia matope maisha yake yote, na hii ndiyo ya kwanza kumsalimu. Macho yake yalikuwa na maji. Wallahi nilikaribia kulia mimi pia, na jambo lenyewe nilikuwa nimelipanga njiani!

Emilienne akaniletea maji bila kunitazama. Lakini niliona pembe ya mdomo. Ilicheka kidogo.

Jumamosi, 11 Julai.

Mchana nimewapakia baba mkwe mbele na Emilienne nyuma. Tukapita barabara yote ya mzee, akinionyesha mfereji mmoja mmoja. Watu walitoka nje. Emilienne akasema kiti ni laini kuliko kitanda. Nikamwona kwenye kioo, ameegemea, mkono nje ya dirisha. Sijamwona hivyo tangu siku ya mahari. Nilitaka barabara isiishe.

Jioni wakanipa neno lao. Emilienne atarudi. Lakini motokari iende, mashini irudi. Wamekwisha tengeneza shauri: Moustapha, mwenye duka la vitambaa, ana mashini mbili za kushona, nzima. Anaitaka motokari, akae ndani yake mbele ya duka siku za soko. Kesho asubuhi anakuja kuiona. Ikiinuka mbele yake, anatoa mashini, na mimi na Emilienne tunapanda lori la Kasongo kesho hiyo hiyo. Mzee Emile akasema: sasa unaongea kama mtu mzima. Mimi sikuwa nimeongea.

Nikakubali. Nikasema ndiyo mara tatu.

Sasa niko peke yangu na ninafikiri. Asubuhi kuna baridi. Ikiwa motokari haitainuka, Moustapha hataitaka. Kosa halitakuwa langu, ni la hewa. Mzee ataniona maskini, mtu aliyejaribu. Emilienne atanihurumia, atarudi hata hivyo, maana alikwisha cheka. Nami nitakuwa na vyote viwili! Sijadanganya mtu. Ni kutowasha moto tu. Kutofanya kitu si dhambi, ni kupumzika.

Jumapili, 12 Julai.

Baridi nzuri sana. Ukungu mzito.

Nilikuwa nimesimama kando ya motokari wakati Emilienne alipotoka jikoni. Amebeba mbabula ya makaa, mekundu, yanawaka. Kumbe Placide amewasimulia yote: mawese, moto, hata viazi. Emilienne aliamka kabla ya jogoo ili awashe makaa hayo. Alikwisha valia safari. Akauliza, "Nitie moto chini?"

Nikasema hapana. Tungoje jua.

Akauliza tena, polepole zaidi. Nikasema moto ni hatari, rangi itaharibika.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akageuka, akarudisha mbabula jikoni, nikasikia anaweka sufuria juu yake.

Moustapha akaja. Nikawasha. Motokari ikanguruma, ikabaki imelala. Nikafanya uso wa huzuni, uso mzuri sana, niliujaribu kwenye kioo. Moustapha akaizunguka mara moja, akaaga. Wazee wakaketi. Mzee Emile akamwuliza binti yake. Emilienne akasema: niliomba kutia moto, alikataa moto. Basi. Hakuna aliyeuliza kitu kingine.

Wakaleta mbuzi. Sita, kamba moja. Mzee Emile akaniwekea kamba mkononi na kunifunga vidole juu yake, kwa upole. Akasema nisingoje, maana mbuzi wa mahari wakirudi hawalali tena nyumba ile.

Saa saba jua likatoka. Nikawasha, na motokari ikainuka bila moto, vizuri kuliko siku zote, mbele ya uwanja mtupu. Nikapakia mbuzi. Emilienne alikuwa ndani ya nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa, na nilipiga honi mara mbili, kisha nikaacha.

Jumatano, 15 Julai. Kasongo.

Mbuzi wamekula kiti cha nyuma, upande wa kushoto wote. Ghalani wamejua mama mkwe haumwi, wamenishusha: sasa nahesabu magunia, Placide ameketi mezani pangu. Alinipa mkono na kusema pole, na nadhani alimaanisha, jambo ambalo ni baya zaidi. Nyumba iko kimya. Nimelia jana, na leo kidogo.

Lakini nimesikia habari. Dereva wa lori kutoka Albertville anasema kuna mzungu kule anauza motokari ya Kifaransa kama yangu kabisa, nyeusi. Haitembei hata kidogo. Ndiyo maana rahisi! Anakubali mbuzi. Yangu ina injini, ile ina mabomba. Mbovu mbili huzaa nzima moja, na ikibaki bahati, mbili.

Kesho naondoka na mbuzi wote sita. Nitamwandikia Emilienne leo leo, nimwulize angependa kuketi katika ipi.