Biri Zilizovuliwa Pete

Wananchi wa San Luis walitangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba, kwa mara ya kwanza tangu tumbaku iumbwe, ukweli ungepatikana kisayansi. Biri za karakana ya akina mama wanaosokota kwa mkono, na zile za kiwanda kipya cha mashine, zingevuliwa pete zake za karatasi zenye majina, zivutwe bila kujulikana ni za nani, na zihukumiwe kwa haki. Watakaoshindwa wangefungiwa milango, na mkuu wao angepelekwa banda la kukaushia, akatunge majani kwa sindano na uzi. Bila kujali cheo. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza Mwenyekiti wa Kamati, Ndugu Leovigildo Arencibia, ambaye kwa bahati njema ndiye pia aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha mashine.

Katibu wake, Basilio, hakuona tatizo. Haki ni kama mtoto mdogo: haiachwi ivuke barabara peke yake. Walishakubaliana kwamba biri za mashine zitobolewe tundu dogo, ili Mwenyekiti, aliyekuwa pia mmoja wa majaji, akipapasa aijue yake na kuipa ushindi. Kilichomsumbua Basilio ni kidole gumba cha Mwenyekiti, kinene, kilichokufa ganzi kwa kugonga mihuri. Tundu moja kingelipita tu. Kwa maslahi ya taifa, akaamua kuzitoboa kama chujio.

Sindano aliiazima kwa Zoraida, mkuu wa karakana.

"Da' Zoraida, kifungo kimenitoka."

Zoraida akalitazama shati. Vifungo vyote vilikuwepo.

"Chukua, mdogo wangu. Ila unirudishie."

Siku ya siku, akina mama wakakaa kwenye meza zao, visu vya kukatia majani mikononi, wakingoja kujua kama kesho watakuwa na kazi. Waziri, mgeni rasmi, na Mwenyekiti wakawekewa biri mbilimbili kwa mpangilio mmoja, na Waziri akapewa heshima ya kuwasha wa kwanza. Akavuta. Mashavu yakabonyea. Hakuna moshi. Akavuta tena mpaka macho yakamtoka.

Basilio akang'amua. Upepo ulikuwa unapita kwenye matundu. Akamkonyeza Mwenyekiti, akakohoa, akamkanyaga mguu.

Mwenyekiti alikuwa hajawasha yake. Alikuwa anapapasa ile ya kwanza, na uso ukamchanua.

"Ndugu Waziri, nisiwe mnafiki. Hii ni ya kwangu. Naijua hata gizani."

"Una uhakika?"

"Jani lake nimelichagua mwenyewe."

"Huyu katibu wako mbona anakukanyaga?"

"Furaha, Ndugu Waziri."

Waziri akaiweka chini yake ya kwanza, akawasha ya pili. Majivu yakarefuka, yakafika vidole viwili bila kudondoka, naye bado kafumba macho kwa raha. Mwishowe akauliza, kwa upole kabisa, adhabu ilikuwa ipi.

Basilio akaisoma, kwani ndiyo kazi yake. Alipofika "bila kujali cheo", akajificha nyuma ya karatasi.

Akina mama hawakupiga makofi. Waligonga visu kwenye mbao, kama ilivyo desturi yao, hadi madirisha yakatetemeka.

Mwenyekiti akatoka ameinama, akinong'ona kwamba bandani hataenda peke yake, katibu hamwachi bosi wake. Basilio akamfuata, akampita Zoraida mlangoni, akajipapasa mfukoni.

"Da' Zoraida, sindano yako."

"Kaa nayo, mdogo wangu," akasema Zoraida. "Huko mnakokwenda, mgeni huja na yake."